Vumbi la Mississauga lina somo kwa miji yetu

MISSISSAUGA, Ontario – Wenyeji wa mji huu, jirani ya Toronto, hawajawasahau "Dada Wanne". Hawakuwa wanawake, bali dohani nne za kituo cha umeme cha Lakeview, ukingoni mwa Ziwa Ontario. Kituo kilianza kuchoma makaa ya mawe mwaka 1962, kikafungwa Aprili 30, 2005, na dohani zake zikaangushwa kwa baruti Juni 12, 2006. Wenzetu wengi waliohamia hapa baadaye hawajui kwamba hewa wanayovuta ilipiganiwa.

Tunazungumzia chembechembe zinazoelea hewani, zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Zikipangwa 30 hivi ndipo zinafikia unene wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, lakini hizi hupenya hadi ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje uliua watu milioni 4.2 kabla ya wakati wao mwaka 2019, wengi wao kwa maradhi ya moyo na kiharusi.

Vumbi hili si kitu kimoja. Wanakemia wakilinasa kwenye chujio na kulipima hukuta masizi ya injini za dizeli na ya moto wa kuni. Salfeti, inayozaliwa hewani kutokana na gesi ya salfa ya makaa ya mawe. Na nitreti, inayotokea pale gesi za magari na viwanda zinapokutana na amonia ya mbolea na mifugo. Humo pia mna udongo, chumvi na madini. Kila chembe ina kwao. Ukijua vumbi limeundwa na nini, umekaribia kumjua anayelitoa.

Ndivyo ilivyokuwa Ontario. Salfeti iliwaelekeza wataalamu kwenye makaa ya mawe, ya jimboni na ya Marekani, maana moshi hauombi viza mpakani. Vituo vya jirani Ontario haikuwa na uwezo wa kuvifunga. Vya kwake ilivifunga, na mwaka 2014 ikaacha kabisa kuzalisha umeme kwa makaa. Mwaka 2005 jimbo lilikuwa na siku 53 za tahadhari ya hewa chafu. Mwaka 2014 haikuwapo hata moja. Tuseme kweli, sifa si za Ontario peke yake: Marekani nayo ilipunguza moshi wake, na magari yakawa safi zaidi.

Kazi haijaisha. Mississauga ina uwanja wa ndege wa Pearson, na malori hayakauki kwenye barabara kuu ya 401. Mwaka 2023 moto wa misitu uliteketeza takriban hekta milioni 15 za Canada, na moshi wake ukaifunika miji iliyodhani imeshasalimika. WHO nayo, mwaka 2021, ilishusha kiwango inachopendekeza kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Na nyumbani je? Uchunguzi wa chembe zilizokusanywa Nairobi kati ya 2008 na 2010 ulionyesha kuwa magari na vumbi la udongo vilichangia karibu robo tatu ya chembe hizo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha mradi wa AirQo, unaotengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu na kuvifunga katika miji ya Afrika.

Kwa hiyo kisingizio cha kutojua kimepungua. Mama anayepikia mkaa Manzese na kijana anayeishi kando ya moshi wa jalala la Dandora hawahitaji kuambiwa kuwa hewa ni mbaya. Wanahitaji ipimwe, matokeo yatangazwe hadharani, na mwenye moshi atajwe. Dohani za Lakeview hazikuangushwa na upepo. Ziliangushwa na uamuzi wa serikali.