Sehemu ya Kidonge: Hesabu ya Dawa ya Kichocho Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Katika ufuko uliokuwa wa Wilaya ya Mbinga na sasa ni Wilaya ya Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ziwa haliepukiki: ndimo samaki wavuliwamo, nguo zifuliwamo na watoto waogeleamo. Pale maji yanapokuwa na konokono wabebao vimelea, kichocho hupenya ngozini. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, na kidonge cha kawaida kina miligramu 600.

Idadi ya vidonge, basi, ni uzito ukizidishwa kwa 40/600. Anayezidisha kwanza huandika 960/600 kwa mtoto wa kilo 24, akabaki na tarakimu kubwa bila sababu. Afadhali kurahisisha kabla ya kuzidisha. Namba ya juu, yaani kiasi, na ya chini, yaani asili, zote hugawanyika kwa 40. Sehemu hiyo huwa 1/15. Kwa hiyo uzito hugawanywa kwa 15 tu: kilo 30 ni vidonge 2, kilo 60 ni vidonge 4.

Mtoto wa kilo 24 hupata 24/15. Zikigawanywa kwa 3 huwa 8/5, yaani kidonge 1 na 3/5. Hakuna awezaye kukata tatu ya tano ya kidonge. Nusu iliyo karibu ni 1½, sawa na miligramu 900, au 37.5 kwa kilo. Shirika la Afya Duniani hukubali kati ya 30 na 60.

Kosa la kuogopwa limo katika sifuri. Akifuta sifuri moja juu na mbili chini, mhudumu hupata 4/6, yaani 2/3, na mtoto yuleyule huandikiwa vidonge 16! Sifuri zinazofutwa juu na chini sharti zilingane: 40/600 huwa 4/60. Mzazi naye, hata asiyeshika kalamu, ana haki ya kuuliza mwanawe anapopewa vidonge vingi kuliko vya mtu mzima.

Shuleni, ambako mara nyingi mzani haupo, hutumika fimbo ya kupimia urefu, ambayo hesabu yake imekwisha kufanywa kwa makadirio: sentimita 110 hadi 124 ni kidonge 1½, 125 hadi 137 ni vidonge 2. Dawa humezwa baada ya chakula. Kwa mtoto mdogo husagwa kwanza, isije ikamkwama kooni.