Istilahi za Ufundi: Msuli Bandia na Roboti Nyumbufu

Wafasiri wa maandiko ya ufundi wa roboti hukutana na dhana mbili zinazohitaji majina ya Kiswahili yasiyopotosha. Katika makala haya tutaeleza kwanza vitu vyenyewe, kisha tutapendekeza istilahi. Kwani jina lililotangulia maana huzaa makosa yasiyoondoka kwa urahisi.

Roboti nyingi za viwandani zina viungo vya chuma vinavyoendeshwa kwa mota. Zipo nyingine ambazo mwili wake ni wa mpira au silikoni. Hupinda, hubonyea, na huweza kushika tunda bila kulichubua. Mwili wa namna hiyo huhitaji kitu kinachojifupisha na kuvuta, kama ufanyavyo msuli.

Mfano mashuhuri ni ule wa mwanafizikia wa Marekani, Joseph McKibben, aliyeutengeneza katika miaka ya 1950 ili kumsaidia binti yake aliyepoozwa na polio aweze kutumia vidole vyake. Ni tyubu ya mpira iliyovikwa wavu wa nyuzi zilizosukwa mshazari. Hewa ikijazwa, tyubu hutanuka. Na kwa kuwa nyuzi hazirefuki, ncha mbili za wavu husogeleana. Hivyo kitu kizima hunenepa na kufupika, pengine kwa robo ya urefu wake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba hata mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ukisokotwa mpaka ujiviringe, hufupika kwa nguvu unapopata joto.

Hapa mfasiri azingatie kwamba mpira na mshipi havifanani. Kinachoviunganisha ni kazi. Kwa hiyo jina lifuate kazi, si malighafi. Tunapendekeza *msuli bandia*. Huenda mtu akahofu kwamba "bandia" ni kitu cha udanganyifu, kama noti bandia. Lakini lugha yetu ina pia meno bandia na mguu bandia, ambavyo havimdanganyi mtu bali hufanya kazi ya kile kilichokosekana. Hata hivyo, katika maandiko ya hospitali iongezwe kauli ya kubainisha kama kifaa huvaliwa nje ya mwili, asije mgonjwa akadhani atapasuliwa na kutiwa msuli mpya.

Kuhusu roboti yenyewe, neno "laini" halitoshi. Ubao uliopigwa randa ni laini, ila bado ni mgumu. Sifa inayokusudiwa ni kupinda na kubonyea bila kuvunjika. Ndiyo maana tunapendekeza *roboti nyumbufu*, kutokana na kitenzi "nyumbuka".

Walimu na wafasiri wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale zitakapowakwaza wasomaji.