Plau Mpya, Rangi Inabanduka: Lini Ni Sura Tu na Lini Uirudishe Dukani

Kila ukikaribia msimu napokea swali lile lile kwa sura tofauti: "Bwana shamba, nimenunua zana mpya kabisa, lakini umaliziaji wake ni wa hovyo. Nifanyeje?" Mmoja plau yake inabanduka rangi. Mwingine haro imefika na bolti zinacheza. Mwingine trela lake lina kingo kali zimeshamkata mkono kabla hata hajapakia gunia moja.

Kabla sijajibu, naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Nilivyosema "ni rangi tu"

Ilikuwa Januari. Chalii mmoja wa Kisongo alikuwa amenunua plau ya diski tatu, mpya, kwa pesa ambayo nusu yake ilikuwa mkopo. Hesabu yake ilikuwa nzuri: alime shamba lake, halafu alime kwa kukodisha kule Musa na Mateves kabla masika haijaanza. Wateja alishawapata, wengine walishampa kishika uchumba.

Siku ya tatu akanitumia picha. Rangi ilikuwa inabanduka kwenye fremu kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Nikaangalia picha kwa haraka, nikiwa kwenye daladala, nikamjibu: "Dogo, ni rangi tu. Rangi hailimi. Piga kazi."

Wiki mbili baadaye akanipigia saa kumi jioni. Mkono unaoshika diski ya nyuma ulikuwa umeachia fremu akiwa shambani. Diski imebaki ardhini, trekta imeenda mbele. Hakuna aliyeumia, tunashukuru Mungu, maana mdogo wake alikuwa anatembea nyuma akitoa majani.

Nilipofika niliinama nikaangalia pale palipokatika. Chuma kilichokatika leo hung'aa, kina rangi ya fedha. Pale palikuwa na sehemu mbili: kipande kinachong'aa, na kipande kingine chenye kutu ya zamani na ndani yake rangi ya plau. Rangi ndani ya ufa! Maana yake ufa ulikuwepo kabla plau haijapakwa rangi. Rangi ile iliyokuwa inabanduka ilikuwa imepakwa juu ya mabaki ya kuchomelea, bila kusafisha. Picha aliyonitumia ilikuwa inanionyesha hilo. Mimi ndiye sikutazama.

Tangu siku hiyo siambii mtu "ni rangi tu" kabla sijaangalia kilicho chini yake.

Kwa nini zana mpya hufika hivi

Zana nyingi tunazonunua husafiri ndani ya kontena zikiwa vipande vipande, kisha huungwa karibu na duka. Anayeunga mara nyingi ni kijana anayelipwa kwa idadi, si kwa ubora. Bolti hukazwa kwa mkono na spana mara moja tu. Huko kiwandani nako, hatua inayorukwa haraka ni ile mteja haioni: kugonga maganda ya kuchomelea, kusugua kutu, kufuta mafuta, kupaka rangi ya kuzuia kutu. Rangi ya juu haishiki kwenye chuma kichafu. Itakaa vizuri pale dukani, au kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Themi ambako plau hung'aa kama gari la harusi. Shambani itabanduka.

Kwa hiyo rangi mbaya yenyewe si ugonjwa mkubwa, ila ni dalili. Aliyeruka kusafisha huenda ameruka na mengine. Kazi yako ni kujua ameruka mpaka wapi.

Kagua kabla hujamaliza kulipa

Usikague zana ikiwa juu ya fuso, na usikague jioni. Nenda asubuhi, na beba vitu hivi: futi kamba, nyundo ndogo, brashi ya waya, tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na chaki. Kama una fundi wa kuchomelea unayemwamini, mlipe nauli aje na wewe.

1. Mishono ya kuchomelea. Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko kwingine. Mshono mzuri una mawimbi yanayolingana na umeshika vyuma vyote viwili. Mshono mbaya una vishimo kama mkate, au umekaa juu ya chuma kama nta ya mshumaa bila kuingia, au umekula chuma pembeni ukaacha mfereji. Gonga kwa nyundo ndogo. Maganda yakidondoka na rangi yake, ujue hakukusafishwa. Ukiona mstari unaoutilia shaka, muombe muuzaji ruhusa usugue rangi hapo mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, subiri kama dakika kumi, futa yakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

2. Fremu. Pima kwa futi kamba kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala, halafu kona nyingine mbili. Kwenye fremu ya mstatili vipimo viwili vinatakiwa vilingane. Kwa plau, pima pia nafasi kati ya diski na diski. Fremu iliyopinda italima tuta moja juu, jingine chini, na itakula dizeli yako.

3. Bolti. Soma kichwa cha bolti. Kwenye sehemu zinazobeba mzigo nataka kuona namba 8.8 au zaidi. Kichwa kisicho na alama yoyote usikiamini. Ncha ya bolti ipite nati angalau nyuzi mbili.

4. Pini na matundu. Pini za chini za trekta ndogo (kundi la kwanza) zina unene wa milimita 22, na za kundi la pili ni milimita 28. Jua trekta yako ni ya kundi gani kabla hujaenda. Kisha angalia tundu lenyewe: limetobolewa kwa mashine likawa laini, au limechomwa kwa gesi likawa na meno? Tundu la gesi huliwa haraka, na zana inaanza kuyumba.

5. Grisi na oili. Nipeli nyingi hupakwa rangi pamoja na fremu, tundu linaziba na grisi haiingii. Utadhani umepaka, kumbe beringi inasaga kavu. Zungusha kila diski kwa mkono usikilize. Kama zana ina giaboksi, fungua uone kama ina oili. Nyingine husafirishwa tupu, na muuzaji anasahau kukwambia.

6. Rangi. Bandika selotepu, ikandamize, kisha ivute ghafla. Ikitoka na rangi, rudi namba moja ukague mishono upya.

Neno moja hapo: rangi kwenye diski zenyewe au kwenye ubao wa plau itaisha siku ya kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Udongo wetu wa majivu ya volkano huku chini ya Meru unasugua kama msasa. Usimpigie muuzaji kelele kwa hilo.

Vikapu vitatu

Ukimaliza kukagua, gawa kasoro zako.

*Kikapu cha kwanza, ubaya wa sura:* rangi nyembamba, mikwaruzo ya safari, matone ya kuchomelea, kingo kali, nipeli zilizoziba. Chukua zana, omba punguzo au omba warekebishe palepale. Grainda na brashi ya waya vinatosha.

*Kikapu cha pili, kirekebishwe kabla hakijatoka dukani:* bolti dhaifu, pini zisizolingana na trekta yako, oili sili inayovuja, giaboksi isiyo na oili, beringi inayolia. Usikubali "chukua tu, utakuja wiki ijayo." Wiki ijayo wewe uko shambani na yeye ana wateja wengine.

*Kikapu cha tatu, usichukue kabisa:* ufa popote, mshono usioshika, fremu iliyopinda, diski au mkono uliochomelewa upya kisha ukafunikwa rangi. Hapa punguzo halikusaidii. Bei ikishushwa, ufa unabaki palepale.

Ukishaipeleka nyumbani

Saa moja ya kwanza shambani, simama, kaza bolti zote tena. Jioni kaza tena. Bolti mpya hulegea kwa sababu rangi iliyo chini yake inasagika na kuacha nafasi. Huo si ubovu, ni kawaida, lakini ukipuuza bolti itadondoka na tundu litapanuka.

Rangi ya kikapu cha kwanza unaweza kuishughulikia mwenyewe. Sugua mpaka kutu na maganda yatoke, futa kwa thina, paka rangi ya kuzuia kutu (mafundi wanaiita redi oksaidi), iache ikauke, kisha mikono miwili ya rangi ya juu. Kwa wenzangu wa Kisongo na Oldonyosambu, fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, la sivyo utapaka vumbi. Usipake kwenye nipeli, nyuzi za bolti wala kibati cha namba ya zana. Msimu ukiisha, paka oili chafu kwenye diski zinazong'aa na uweke zana chini ya paa.

Ukikuta ufa baada ya kulipa

Turudi kwa yule chalii. Jioni ile alikuwa ameshamwita fundi wa kuchomelea. Wateja walikuwa wanamsubiri na mkopo haumsubiri mtu. Nikamwambia, mdogo wangu, ukichomelea leo usiku, kesho utalima, lakini ushahidi wako utakuwa umeungua. Tukagombana kidogo. Mwisho akakubali.

Tulifanya hivi, na wewe fanya hivi:

- Acha kutumia zana. Usichomelee, usipake rangi, usisugue.
- Piga picha mchana: zana nzima, kibati cha namba, na ufa kwa karibu ukiwa na futi kamba pembeni.
- Andika barua fupi, siyo simu tu. Taja tarehe ya kununua, namba ya risiti ya EFD, kasoro, na unachotaka: kubadilishiwa, kurekebishiwa au kurudishiwa pesa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri.
- Kama zana ni ya mkopo au ya kukodishiwa na taasisi ya fedha, wape taarifa siku hiyohiyo.

Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inakulinda: zana inatakiwa iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Lakini ina upande wa pili. Kama uliikagua, kasoro ambayo macho yako yalipaswa kuiona ni ngumu kuidai baadaye. Na ukikaa na zana muda mrefu bila kusema neno, utahesabika umeikubali. Ndiyo maana nasema kila kasoro unayoiona wakati wa kupokea iandike kwenye hati ya kupokelea, muuzaji asaini.

Muuzaji akikataa, hatuko yatima. Tume ya Ushindani (FCC) inashughulikia haki za mlaji, na TBS inasimamia viwango. Na hapa hapa Arusha tuna CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa 1981, ambacho moja ya kazi zake ni kufanyia majaribio mashine na zana za kilimo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji: "Modeli hii ilishapimwa CAMARTEC? Naomba kuona ripoti." Jibu lake, hata namna anavyobadilika sura, litakusaidia.

Yule muuzaji wetu alianza na lugha ya kawaida: "Mmelimia mawe." Tukamwekea picha mezani. Jiwe linaweza kukata chuma, lakini haliwezi kuingiza rangi ndani ya ufa. Alinyamaza kidogo, akamwita fundi wake, wakanong'ona. Fremu nyingine ilikuja baada ya siku tisa.

Siku tisa za Februari si mchezo. Wateja wawili walihamia kwa mwenye trekta mwingine na kishika uchumba chao kilirudishwa. Wale waliobaki aliwalimia kwa plau ya kuazima ya jirani. Mkopo aliumaliza, ila kwa kuchelewa. Saa mbili za kukagua pale dukani, pamoja na afisa ugani anayetazama picha vizuri, zingemwokolea yote hayo.

Siku hizi mtu akinitumia picha ya rangi inayobanduka, simjibu nikiwa kwenye daladala. Namwambia: sugua hapo kidogo, unipigie picha ya chuma.

Tukutane shambani.