Ukoma wa Mambo ya Walawi na Ukoma wa Hospitali

Nassa, kando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa vituo vya kale vya misheni katika Usukuma. Mwaka 1909 kituo hicho kilitoka mikononi mwa Church Missionary Society kikachukuliwa na Africa Inland Mission. Katika tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, sura za 13 na 14 za Mambo ya Walawi huutaja ugonjwa kwa jina: ukoma. Mwenye ukoma huo hurarua mavazi yake, hujitangaza kuwa najisi, na hukaa peke yake nje ya kambi. Msikilizaji mwenye baka lisilo na hisia mgongoni ana sababu ya kulificha. Hapo ndipo suala la tafsiri linapogeuka kuwa suala la afya.

Safari ya neno

Neno la Kiebrania katika sura hizo ni tsaraati. Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kigiriki, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, walitumia neno lepra, ambalo kwa waganga wa Kigiriki lilikuwa na maana ya magonjwa ya ngozi yenye magamba. Ugonjwa unaoitwa ukoma leo, Wagiriki waliuita elefantiasi. Katika Zama za Kati majina hayo yalichanganywa, na mchanganyiko huo ukarithiwa na lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Dalili zenyewe zinatofautiana. Walawi inataja nywele zilizogeuka kuwa nyeupe, baka lililoingia ndani kuliko ngozi, na nyama mbichi. Tena tsaraati huweza kuingia katika nguo na kuta za nyumba. Ganzi na vidole vilivyopinda havitajwi kabisa.

Hoja za wafasiri wa Kiyahudi

Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200, ina kitabu kizima chenye sura 14 juu ya jambo hili, kiitwacho Negaim, yaani mapigo. Humo bwana arusi mwenye baka hupewa siku saba za arusi yake kabla ya kukaguliwa. Torati nayo yaagiza vyombo vitolewe nyumbani kabla ya kuhani kuingia, visije vikawa najisi. Na mtu aliyeenewa na weupe mwili mzima huhesabiwa kuwa safi.

Samson Raphael Hirsch, rabi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1888, alishikilia kwamba sheria za namna hii haziwezi kuwa kanuni za kuzuia maambukizo. Anayehofia maambukizo hamwachi mgonjwa katikati ya umati wa arusi. Maimonides, rabi na tabibu aliyefariki mwaka 1204, alikwisha kuandika kwamba tsaraati ni jina moja la mambo mengi yasiyofanana, na kwamba ile ya nguo na nyumba ni ishara ya kuwaonya wasengenyaji. Fundisho hilo, hata hivyo, lahusu tsaraati. Kumbebesha mgonjwa wa hospitali lawama ya dhambi ni kurudia kosa lile lile la kuchanganya majina.

Ukoma wa hospitali

Kijidudu cha ukoma kiligunduliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norwei. Hukua polepole mno, hata dalili huweza kuchelewa miaka mitano, pengine 20. Hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana baka lake, lililopauka au lenye wekundu, hupoteza hisia. Watu wengi wana kinga ya asili dhidi yake.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na matibabu ya dawa mseto, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, mwaka 1983. Mwaka 2006 nchi ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Dawa hutolewa bure kwa miezi 6 au 12, na mara matibabu yaanzapo mgonjwa huacha upesi kuambukiza wengine. Hana haja ya kutengwa na jamaa zake.

Wagonjwa wapya wangali wakigunduliwa nchini. Anayechelewa huponywa vijidudu, lakini mishipa iliyokwisha kuharibika hairudi. Kwa hiyo mwenye baka lisilosikia mguso wa pamba aende zahanati mapema. Huko atapewa dawa, na hatatangazwa najisi.