Madai ya Ulemavu Yatokanayo na Maji ya Camp Lejeune

Wanajeshi wa zamani wa Marekani na jamaa zao hutuuliza mara kwa mara iwapo muda wa kudai umekwisha. Swali hili linatokana na kuchanganya njia mbili tofauti. Sheria ya mwaka 2022 iliruhusu kuishtaki Serikali mahakamani. Mlango huo ulifungwa tarehe 10 Agosti 2024. Dai la fidia ya ulemavu linalopelekwa katika Wizara ya Wanajeshi wa Zamani ni jambo jingine, nalo halina siku ya mwisho.

Camp Lejeune ni kambi ya jeshi la majini iliyoko North Carolina. Baadhi ya visima vyake viliingiwa na kemikali zilizovuja kutoka matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini, na kutoka kwa dobi wa kemikali aliyekuwa nje ya kambi. Miongoni mwake zilikuwamo benzini na trikloroethilini.

Nani anastahili?

Ni aliyetumikia kambini hapo, au katika kituo cha New River kilicho jirani, kwa jumla ya siku 30 au zaidi kati ya tarehe 1 Agosti 1953 na 31 Desemba 1987, na ambaye hakuachishwa kazi kwa aibu. Askari wa akiba na wa ulinzi wa taifa wamo pia.

Tangu mwaka 2017, maradhi manane yanachukuliwa kuwa yametokana na maji hayo: saratani ya damu kwa watu wazima, saratani ya kibofu cha mkojo, ya figo, ya ini, ya uboho, limfoma isiyo ya Hodgkin, ugonjwa wa Parkinson, na upungufu wa damu unaotokana na kasoro ya uboho. Mwenye mojawapo halazimiki kuthibitisha kwamba maji ndiyo yaliyomdhuru. Atapaswa kuonyesha mambo mawili tu: kwamba alikuwapo, na kwamba daktari ameutambua ugonjwa huo.

Mwenye maradhi mengine hakukatazwa kudai, ila atahitaji maoni ya daktari yanayoeleza, kwa sababu za kitabibu, uhusiano wa maradhi hayo na maji.

Hatua za kufuata

Kwanza, wasilisha taarifa ya nia ya kudai. Ukikamilisha dai ndani ya mwaka mmoja, malipo yaweza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa hiyo. Pili, tafuta hati ya kuachishwa jeshi, kumbukumbu za vituo ulivyotumikia, na ripoti za hospitali. Tatu, ukikataliwa, usome barua yote. Una mwaka mmoja wa kuomba uamuzi huo upitiwe upya au kukata rufaa.

Mjane au mgane wa aliyefariki kwa maradhi hayo aweza kudai malipo yake mwenyewe. Jamaa walioishi kambini wana mpango wao wa kurejeshewa gharama za matibabu.

Jihadharini

Sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la awali. Wawakilishi wa vyama vya wanajeshi wa zamani waliothibitishwa na Wizara husaidia bila malipo. Anayekupigia simu akidai sehemu ya fidia yako, au akikuhimiza utie sahihi karatasi usiyoisoma, mkatalie. Fidia hiyo ni haki yako.