Ramani ya droni: imepima udongo au mahindi?

Juzi kijana mmoja alinitumia ramani ya shamba lake kwa WhatsApp, akiwa karibu kulipia mabomba ya umwagiliaji wa matone. Ramani nzuri, ina rangi na kontua. Shida ni kwamba ilionyesha mashariki kuko juu kuliko magharibi kwa zaidi ya mita moja, na tangi alipanga kuliweka huko mashariki. Mimi shamba lile nimelitembea. Mvua ikinyesha, maji yanakimbilia mashariki!

Nikamuuliza, droni iliporuka mashariki kulikuwa na nini? "Mahindi, afisa. Magharibi tulishavuna."

Basi jibu ni hilo. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine. Kidole kinaruka, mti wa mbali unasogea kidogo tu. Droni inafanya vivyo hivyo: inapiga picha, inasogea, inapiga tena. Kompyuta inachukua kipande kidogo cha picha ya kwanza, inakitafuta kwenye ya pili, inapima kimesogea kiasi gani. Kilichosogea zaidi kiko karibu na kamera, yaani kiko juu. Inarudia hivyo mara mamilioni, mwinuko wa shamba zima unapatikana bila mtu kushika kipimo.

Lakini inapima inachokiona. Penye mahindi marefu yaliyofunga inaona majani, udongo hauoni. Penye maji au mchanga mtupu wa rangi moja, vipande vyote vinafanana, inachanganyikiwa. Na mahindi yakitikiswa na upepo kati ya picha mbili, ndio kabisa.

Kwa hiyo ukimwita mtu wa droni (awe na kibali), mwite baada ya kuvuna na kusafisha shamba, siku isiyo na upepo. Picha zipandane kama asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavu. Pia aweke alama chini zilizopimwa kwa GPS ya wapima ardhi, maana GPS ya kawaida ya droni inaweza kukosea kimo kwa mita kadhaa. Mteremko wa asilimia 1 ni mita moja tu kwa mita 100, kosa dogo linakugeuzia maji.

Yule kijana alisubiri avune, akapiga picha upya. Mashariki ikashuka. Tangi sasa liko magharibi.