TENGENEZA MATOFALI YA MATUNDU MWENYEWE

Ingia jikoni kwako wakati moto unawaka. Angalia juu. Je, paa ni jeusi kwa masizi? Je, macho yanakuwasha? Kama ndivyo, moshi hauna njia ya kutoka. Mama anayepika humo anauvuta kila siku. Mtoto aliye mgongoni mwake anauvuta pia. Moshi huo huleta kikohozi na maradhi ya kifua.

Njia moja ya kupunguza moshi ni kuweka matofali ya matundu juu ya ukuta. Haya ni matofali ya saruji na mchanga. Yana nafasi za kupitisha hewa na mwanga. Tena ni pambo la nyumba. Wewe na jirani zako mnaweza kuyatengeneza hapo kijijini.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Wazee wetu wa pwani walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa. Kule Lamu walipamba kuta kwa chokaa hiyo, wakatengeneza vishubaka vya nakshi vinavyoitwa zidaka. Baadhi ya nyumba hizo ni za karne ya 18, na zidaka zake zinaonekana mpaka leo.

Siku hizi tunatumia zaidi saruji. Hapa Tanzania, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Saruji ni nzuri, lakini ni ghali. Ukikosea, fedha imepotea.

MIMI NILIKOSEA

Mara ya kwanza nilitengeneza matofali 30 kwa ajili ya jiko la mama yangu. Nilimaliza mfuko mzima wa saruji. Nikayaanika juani ili yakauke upesi. Baada ya siku 3 yalionekana magumu, nikamwita fundi. Fundi aliinua tofali la kwanza, likakatika kama mkate mkavu. La pili vilevile. Yalibaki mazima 11 tu. Mama alipika ndani ya moshi mpaka tulipouza mahindi ya msimu uliofuata.

Kosa langu lilikuwa nini? Saruji haikauki kama udongo. Saruji hula maji, ndipo inapokuwa ngumu. Jua likiyanyang'anya matofali maji mapema, saruji inaacha kazi yake katikati.

TENGENEZA KALIBU

Kalibu ni chombo cha kulipa tofali umbo lake. Tafuta mbao zilizonyooka na kupigwa randa.

1. Tengeneza fremu ya mraba. Ndani iwe sentimita 24 kwa 24. Kimo kiwe sentimita 8. Pembe mbili zinazokabiliana zifungwe kwa ndoano, ili fremu ifunguke.

2. Tengeneza vipande 4 vya mti vya kufanya matundu. Tuviite viini. Kila kiini kiwe na kimo cha sentimita 8. Juu kiwe na upana wa sentimita 7 kila upande. Chini kiwe sentimita 6. Kwa kuwa chini ni kwembamba, kiini kitachomoka bila kuvunja tofali. Juu pigilia msumari wa kushikia.

3. Tengeneza vibao vya chini, vitano au zaidi. Kwenye kila kibao chora mraba wa fremu. Piga misumari 4 mifupi, kila mmoja uwe sentimita 6 na nusu kutoka pande mbili za mraba zilizo karibu nao. Kata vichwa vya misumari. Toboa kila kiini chini, katikati, kikae juu ya msumari wake. Hivyo hakitasogea.

CHANGANYA

Tumia mchanga wa mto ulio safi. Usitumie mchanga wa baharini, kwa sababu una chumvi. Pima mchanga wako hivi: tia mchanga na maji katika chupa, tikisa, kisha uache utulie. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu 1 kwa sehemu 12 za mchanga, uoshe kwanza. Halafu chekecha uondoe mawe.

Pima ndoo 1 ya saruji na ndoo 3 za mchanga. Tumia ndoo ileile. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja. Ongeza maji safi kidogo kidogo. Kamata mchanganyiko mkononi, uubane. Ukishikamana bila kudondosha maji, unatosha. Changanya kiasi utakachotumia kwa saa moja tu. Ukiwa umeanza kuwa mgumu, usiuongeze maji.

Jihadhari! Saruji mbichi huunguza ngozi. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda zahanati.

FINYANGA

Paka fremu, viini na kibao maji mazito ya sabuni, ili saruji isigande. Tia mchanganyiko kidogo, shindilia kwa kijiti, hasa kwenye pembe. Ongeza, shindilia tena mpaka kalibu ijae. Sawazisha kwa mwiko wa fundi.

Ngoja dakika chache. Gonga viini polepole, uvichomoe wima kimoja kimoja. Fungua ndoano, ondoa fremu. Tofali libaki juu ya kibao mpaka kesho. Usiliguse. Endelea na kibao kingine.

Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali ya kipimo hiki karibu 30.

MWAGILIA

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Weka matofali kivulini. Siku ya pili yafunike kwa magunia yaliyolowa. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, magunia yasikauke. Kisha yaache kivulini siku nyingine 7 kabla ya kujengea. Ukiweza kungoja siku 28, ni bora zaidi.

JENGA

Weka matofali juu, karibu na paa, kwenye kuta mbili zinazotazamana. Hewa iingie huku, moshi utoke kule. Matofali haya hayabebi uzito. Juu yake weka linta ya kubeba ukuta na paa. Ukiyaweka chumba cha kulala, funga wavu wa kuzuia mbu kwa ndani.

Mara ya pili nilifuata mpango huu. Sikupoteza hata tofali moja. Sasa mama yangu anapika, na mwanga wa asubuhi unaingia jikoni kupitia matundu yale. Haraka haraka haina baraka. Fremu moja inatosha majirani 5 au 6. Shirikianeni kununua mbao, mpeane zamu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini matofali ya kwanza ya mwandishi yalivunjika?
2. Kwa nini kiini huwa chembamba upande wa chini?
3. Ndoo 2 za saruji zinahitaji ndoo ngapi za mchanga?
4. Katika kijiji chenu, ni majiko ya nani yanayohitaji hewa zaidi? Mtaanza na lipi?